Kumwambia Mwenzako "Usisafiri Leo": Je, ni Kushiriki Kosa Lake?

Mama mmoja wa huku kwetu Katanga ametuletea swali. Ametuomba tulijibu katika gazeti, si kwa barua, kwani wenzake katika chama cha mama wa parokia wanabishana juu yake, na barua ingemfaa yeye peke yake. Tumekaa na swali hilo majuma matatu. Kati yetu sisi wenyewe tulibishana vilevile, na ubishi ule haujaisha kabisa, kama mtakavyoona.

Habari ni hii. Mama huyo ni mfanyabiashara wa samaki. Huenda Kasenga, kwenye mto Luapula, zaidi ya kilometa 200 toka Lubumbashi, hununua samaki wakavu na kurudi nao juu ya kamyo. Siku moja ya mvua alikuwa akirudi, ameketi juu ya magunia pamoja na wanawake wengine watano. Mmoja wao, kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi, alikuwa amejifunika kitenge mpaka kichwani, anatetemeka. Mama alidhani ni malaria. Halafu aliona damu juu ya gunia.

Akamsogelea, akamwuliza polepole. Kijana alimjibu sikioni. Alikuwa na mimba ya majuma manane. Juzi yake alimeza kidonge kimoja, na alfajiri ile, kabla ya kupanda kamyo, alitia vingine kinywani. Muuza dawa alimwambia neno moja tu: "Itakuwa kama siku zako za mwezi." Hakumwambia ni saa gani damu itaanza, wala itakuwa nyingi namna gani, wala asiwe njiani siku ile. Na mbona alisafiri? Kwa sababu ilikuwa siku yake ya kwenda kuchukua samaki na kurudi. Kama angebaki, dada zake wangeuliza: "Una nini?" Hakuwa na jibu la kuwapa.

Mama akagonga bati la kamyo ili shofere asimame. Shofere hakutaka. Wanawake wawili, walipofahamu jambo lenyewe, walisema: "Mwacheni, amejitakia mwenyewe." Mama akashika gunia lake la samaki akasema atalitupa barabarani, kisha la pili, kisha yeye mwenyewe atashuka. Kamyo ikasimama, ikakata njia kwenda kituo cha afya. Infirmie akamtia kijana maji ya mshipa, na usiku ule akapelekwa lopitalo. Alipona.

Sasa mama anatuuliza mambo mawili. La kwanza: "Je, nilikosea kumsaidia, mimi Mkristu, mimi niliye na cheo katika chama?" La pili ndilo linalomnyima usingizi: "Kama angeniambia siku mbili mbele, ningemjibu nini? Kama ningemwambia, 'Usipande kamyo kesho, njoo ulale kwangu karibu na lopitalo, nitakutekea maji,' je, si ningekuwa nimemsaidia kuitoa?"

La kwanza halitatukawisha. Msamaria hakumwuliza yule mtu kando ya barabara sababu gani amefika pale. Mwenye kutokwa na damu ni mwenye kutokwa na damu. Wale wawili waliosema "mwacheni" tutawaacha na dhamiri zao. Labda walisema kwa hofu, kwani wengine hudhani kwamba hata kumshika mtu wa namna hii ni kujitia katika kesi. Mama alifanya vizuri, basi. Angekuwa na makosa kama angeyaogopea magunia yake.

La pili ni zito. Tulitaka tulikimbie, na tunakiri hivyo.

Kwanza tuseme wazi mahali tunaposimama, ili msomaji asidhani tunaficha kitu. Eklezya inafundisha kwamba kutoa mimba kwa kusudi ni kosa kubwa dhidi ya uhai, na sheria yake imeweka adhabu kwa anayefanya hivyo. Mafundisho hayo hayakubadilika. Yule Papa Yohane Paulo wa Pili aliyeandika mwaka 1995 juu ya Evanjili ya Uhai ndiye aliyeandika katika barua ileile kwamba lawama si ya mwanamke tu: alimtaja baba wa mtoto, alitaja ndugu na rafiki wanaosukuma, alitaja wanganga na watunga sheria. Akawageukia pia wanawake waliokwisha kufanya hivyo, akawaambia wasikate tamaa. Na mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadri wote uwezo wa kuondolea dhambi hiyo katika kitubio, uwezo ambao zamani katika mahali pengi ulikuwa wa askofu.

Upande wa serikali kuna mambo mawili yasiyokaa vizuri pamoja. Kitabu cha sheria ya makosa cha Kongo kinaadhibu kutoa mimba kwa kifungo cha miaka mingi, kwa mwanamke na kwa anayemtolea. Lakini Kongo imekubali pia Mkataba wa Maputo wa mwaka 2003 juu ya haki za wanawake wa Afrika, nao ulitangazwa katika Gazeti Rasmi la nchi mwezi wa tatu mwaka 2018. Mkataba huo unaruhusu kutoa mimba kwa dawa au kwa munganga ikiwa mwanamke alinajisiwa kwa nguvu, ikiwa mimba ni ya ndugu wa damu, au ikiwa uhai na afya ya mama, ya mwili ama ya akili, iko hatarini. Wakristu wengi hawaukubali mkataba huo. Wengine, hasa waliowaona wasichana walionajisiwa na wenye silaha huko mashariki, hawajui tena waseme nini. Hatutaumaliza ubishi huo katika ukurasa huu. Tunautaja kwa sababu ndio unaofanya watu wanyamaze. Mwanamke hajui kama anayemwambia atamsaidia ama atamshitaki. Basi hamwambii mtu.

Na kutomwambia mtu ndiko kulikompandisha kijana yule juu ya kamyo.

Ili tulijibu swali la mama sherti tujue dawa zenyewe zinafanya nini, kwani wengi hubishana juu ya jambo wasilolijua. Dawa ziko mbili. Ya kwanza huitwa mifepristoni. Ilitoka Ufaransa, na huko ilikubaliwa mwaka 1988. Inazuia kazi ya homoni ya progesteroni, ile inayolishika tumbo la uzazi litulie na mimba. Ya pili, misoprostoli, ilifanywa kwanza kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Inalikaza tumbo la uzazi, nalo linasukuma nje. Hii ya pili wanganga huitumia pia kwa kazi nyingine nzuri: kuizuia damu ya mama aliyekwisha kuzaa, na kumsaidia mama ambaye mimba yake imeharibika yenyewe. Msomaji asiione kama sumu ikiwa iko kabatini mwa mkunga.

Kati ya dawa ya kwanza na ya pili hupita kwa kawaida siku moja au mbili. Baada ya ya kwanza wanawake wengi hawasikii kitu kikubwa. Wanapika, wanakwenda sokoni. Hapo ndipo wanapodanganyika. Wanasema: kumbe ni jambo dogo. Lakini baada ya ya pili, kwa muda wa saa chache, tumbo huuma kwa nguvu na damu hutoka na mabonge, nyingi kuliko ya mwezi. Mara nyingi huja pia baridi na kutetemeka, kutapika, kuharisha. Saa zile nzito hupita, kwa wengi katika siku ileile, na damu hupungua, ila inaweza kuendelea kidogo kidogo majuma mawili hivi. Wengi huweza kurudia kazi nyepesi baada ya siku moja ama mbili. Sasa mtu ahesabu: kijana wetu aliitumia dawa ya pili alfajiri na kupanda kamyo asubuhi. Saa nzito zilimkuta juu ya magunia, mvua inanyesha, hakuna choo, hakuna maji, hakuna mtu anayejua.

Zaidi ya hayo kuna alama za hatari ambazo sherti mtu apelekwe lopitalo mara moja, awe amemeza dawa ama mimba imeharibika yenyewe. Damu inayojaza pedi mbili kubwa kwa saa moja, na saa inayofuata tena mbili. Homa inayozidi siku moja baada ya dawa ya pili. Harufu mbaya. Maumivu makali yasiyopungua. Kizunguzungu na kuanguka. Na moja ambayo watu hawaijui: maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, ama ya bega, kwani yaweza kuwa alama ya mimba iliyokaa nje ya tumbo la uzazi. Mimba ya namna hiyo haitolewi na vidonge hivi, nayo yaweza kupasuka na kumwua mama. Haya si mafundisho ya kutoa mimba. Ni mafundisho ya kutokufa, na tunayaandika hapa kwa sababu muuza dawa hakuyasema.

Turudi kwa mama. Amesikia siku mbili mbele. Afanye nini?

Wanateolojia wa zamani walikuwa na mfano wao juu ya jambo hili, nasi tuliufundishwa tungali vijana. Bwana mmoja anataka kuingia kwa dirisha usiku ili amharibu msichana. Anamwamuru mtumishi wake amshikie ngazi. Mtumishi anajua ngazi ni ya nini. Je, akiishika kwa kuogopa kufukuzwa kazi, ana kosa? Walikuwako waliosema kwamba hana kosa kubwa. Mwaka 1679 Papa Inosenti wa Kumi na Moja alilikataa neno hilo. Baadaye Mtakatifu Alfonso wa Liguori, mwalimu mkubwa wa mambo ya dhamiri, alitenga namna mbili za kushiriki: kushiriki kwa moyo, yaani kutaka lile analolitaka mwenzako, na kushiriki kwa mkono tu, yaani kufanya kitu ambacho chenyewe si kibaya, ila mwenzako anakitumia kwa ubaya wake. Ya kwanza siku zote ni kosa. Ya pili inapimwa: mkono wako uko karibu gani na tendo, na una sababu gani ya kuunyoosha.

Mmoja wetu, padri mzee ambaye ameungamisha watu miaka arobaini, alisema hivi: "Kitanda cha mama ni ngazi. Kijana akijua ana mahali pa kulala, na maji, na mtu wa kumwangalia, atameza kwa moyo mwepesi. Mama amemwondolea woga, na woga ulikuwa mlango wa mwisho uliofungwa." Hatukumcheka. Ni neno zito, na wengi katika chama cha mama wanalisema kwa namna yao: mkiifanya njia iwe laini, wengi watapita.

Walakini tunaona kuna tofauti. Ngazi ndiyo inayompandisha yule bwana dirishani. Bila ngazi hapandi. Kitanda cha mama hakitii kidonge kinywani mwa kijana. Ushahidi tunao juu ya magunia: bila kitanda alimeza vilevile. Woga haukuufunga mlango wo wote. Ulilibadili jambo moja tu, mahali pa kutokea damu. Anayesema "usipande kamyo kesho" hamwambii meza. Anamwambia: ikiwa utameza, usife. Maneno hayo mawili yanafanana masikioni mwa mtu mwenye haraka, lakini hayana baba mmoja.

Padri mzee akajibu: "Na ikiwa kijana alikuwa bado anasitasita?" Hapo alitushika, na tuliona kwamba swali la mama lina mlango ambao yeye mwenyewe hakuuonyesha. Mtu anayekuja kukuambia siku mbili mbele, mara nyingi hajakata shauri lote. Kama angekuwa amekata, angekuja kwa nini? Basi neno la kwanza la mama lisiwe la kitanda wala la hukumu. Liwe kuuliza: "Ni nini kinachokusukuma?" Na akiisha kuuliza, angoje jibu. Labda ni mwanamume aliyempa feza za vidonge na kuzima telefoni yake. Labda ni baba atakayemfukuza nyumbani, ama shule itakayomfukuza darasani. Labda alinajisiwa na hajamwambia mtu. Labda ana watoto watatu na biashara ya magunia mawili. Kuna mambo hapo ambayo chama cha mama kinaweza kuyaondoa, kama kina moyo: feza za miezi michache, chumba, mzee wa kwenda kusema na baba yake. Kumwambia mtu "zaa" na kumwachia mzigo wote peke yake ni shauri la bei rahisi mno. Tumelisikia mara nyingi kutoka vinywa ambavyo havijanunua hata kopo la maziwa.

Mama amwambie pia anavyoamini yeye mwenyewe, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Asifiche. Rafiki anayeificha imani yake ili asichukize si rafiki wa kweli, na kijana atajua. Lakini akiisha kusema, asirudie kama mtu anayepiga misumari.

Na ikiwa baada ya yote kijana amekata shauri? Tunasema, sisi wengi katika chumba kile, si wote: mama hapaswi kumnunulia dawa, wala kumletea, wala kumhesabia vidonge, hapo mkono wake ungekuwa karibu mno, na dhamiri yake inamkataza. Lakini anaweza kumwambia ukweli juu ya saa na alama za hatari. Anaweza kumwambia aende kwa munganga ama infirmie aliyesomea, si kwa muuza dawa wa dirishani. Anaweza kumwambia asiwe safarini siku ya dawa ya pili wala siku inayofuata, na asiende mbali mpaka damu imepungua kweli. Anaweza kumwambia asiwe peke yake. Anaweza kumwekea feza za pikipiki ya usiku na kujua mbele ni lopitalo gani ina mtu usiku. Anaweza kumtekea maji na kuwaangalia watoto wake. Na kitanda? Tunasema ndiyo, hata kitanda. Padri mzee anasema siyo. Tumekubaliana kwamba tuandike yote mawili.

Wasomaji wengine watasema haya ni mambo ya miji yetu maskini, ambako barabara ni mbaya na dawa zinauzwa ovyo. Siyo. Tutazame Ireland, nchi ya Wakatoliki, ambayo mapadri na masista wake wengi walikuja Afrika. Mwaka 1983 wananchi waliutia katika sheria kuu uhai wa mtoto asiyezaliwa bado. Mwaka 1992 wakaongeza kwamba hakuna mwanamke atakayezuiwa kusafiri kwenda nchi nyingine. Basi nyumbani ilikatazwa, na bandarini iliachwa. Katika mwaka 2016 peke yake wanawake 3,265 waliandika anwani ya Ireland katika kliniki za Uingereza na Wales. Walihesabu safari kwa saa: ndege ya asubuhi, kliniki, ndege ya jioni, ili wasilipe kitanda cha usiku na ili jirani asiulize. Mwezi wa tano mwaka 2018 wananchi wa Ireland waliifuta sheria ile kwa kura, na tangu Januari 2019 wanganga wa huko wanaruhusiwa kutoa dawa katika majuma ya kwanza ya mimba. Hatuwasifu kwa kura yao. Tunataka tu msomaji aone kwamba kwa miaka mingi taifa zima lilijua wanawake wake wanasafiri, na wengi wao walipanga saa zao peke yao, kama kijana wa Kasenga.

Hata Uingereza kwenyewe, ambako sheria ilikuwa imeruhusu tangu zamani, iliwapasa wanawake waitumie dawa ya pili ndani ya kliniki, kisha warudi kwao. Wengine walianza kutokwa na damu ndani ya basi ama taksi. Mwisho wa mwaka 2018 ndipo serikali ilipowaruhusu waitumie nyumbani. Angalieni: kule hapakuwa na ubishi wa kuruhusu ama kukataza, uliisha zamani. Walisahau tu kuihesabu njia. Watu wakubwa, wenye elimu, waliandika kanuni juu ya kidonge, na hawakujiuliza mwanamke atakuwa wapi baada ya saa tatu.

Tunaongeza neno moja kwa wanaume, ingawa hawakuulizwa na hawapendi kuulizwa. Katika habari yote ya mama hakuna mwanamume hata mmoja isipokuwa shofere. Yule aliyetia mimba hayumo. Tulimwuliza mama juu yake. Akasema kijana hakumtaja, naye hakumwuliza. Yawezekana hajui hata leo. Yawezekana anajua sana. Sisi tunaoandika ni wanaume karibu wote, na tuliona haya kidogo tulipofahamu kwamba majuma matatu tumepima mkono wa mama uko karibu gani na tendo, na hatukupima mkono wa huyo.

Kuna jambo jingine lililotokea lopitalo, nalo limetusumbua kuliko ubishi wa ngazi. Kijana alipofika, alimwambia infirmie kwamba mimba imeharibika yenyewe. Alisema uongo kwa kuogopa. Mama alikuwa amesimama pale, akanyamaza. Usiku, hali ilipozidi kuwa mbaya, alimwita infirmie kando akamweleza vidonge. Kijana alimkasirikia sana: "Umenitoa." Je, mama alivunja siri? Tunaona hapana, kwani alimwambia mtu ambaye kazi yake ni kuponya na ambaye anafungwa na siri ya kazi, na alimwambia yeye peke yake. Waliosomea kazi hiyo wanasema kwamba matunzo ya damu karibu ni yaleyale, vidonge ama si vidonge, na kwamba mwanamke asiyeweza kusema anaweza kutunzwa vizuri. Hata hivyo ni heri munganga ajue dawa gani imemezwa na saa ngapi. Lakini heri hiyo inataka munganga ambaye hatapiga kelele mbele ya wagonjwa wengine wala kumwita polisi. Tunawajua wa namna zote mbili. Masista wanaotunza wagonjwa watufahamu: tunajua kazi yao, na tunajua kwamba wengine wao wamesikia maneno ya namna hiyo saa nane za usiku na hawakubadili uso.

Mama alipotuletea swali lake, alisema kwamba wenzake wanataka aondolewe cheo chake katika chama. Paroko bado hajakata shauri. Sisi si wakubwa wa chama hicho, na hatumwamuru paroko. Tumemwambia mama kwamba, kwa habari ya kamyo, hana dhambi ya kuungama, na kwamba kwa habari ya siku mbili mbele, ambazo hazikuwako, aweza kulala.

Yeye alicheka kidogo. Akasema kijana amerudia biashara ya samaki, na wamepanda kamyo moja mara mbili tangu siku ile. Mara ya kwanza aliketi mbali. Mara ya pili alikuja akakaa karibu, hawakusema neno mpaka Lubumbashi, na aliposhuka alimwachia mama samaki wawili wakavu juu ya gunia, akaenda zake bila kugeuka.